Kuomba nafasi ku shule ya biashara: vijana wa Mashariki wanakwama mahali gani?

Benki za Goma zilifunga milango mwisho wa Januari 2025, wakati mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23. Za Bukavu zikafuata mwezi wa pili. Uwanja wa ndege wa Goma nao ukafungwa. Hata hivyo, vijana hawakuacha kutayarisha dosie. Kila mara kisha matokeo ya Exetat, na kila mwanzo wa mwaka wa masomo, kuna wale wenye wanatafuta nafasi ya kusomea biashara na usimamizi, wengine hapa ndani, wengine inje ya inchi.

Haishangazi. Mashariki inaishi kwa biashara. Goma inapumua pamoja na Gisenyi, Bukavu pamoja na Kamembe, Bunia na Kasindi zinatazama Uganda, na wafanyabiashara wa Butembo wanafahamika mpaka Dubai na China. Mtoto aliyekulia nyuma ya meza ya mama yake ku soko anataka kusoma ile kazi anaiona kila siku.

Lakini kati ya kutamani na kuingia darasani kuna vizuizi vitatu: dosie, mahojiano, na siku ya jibu. Ukiangalia kila kimoja, unaona kwamba wengi hawaanguki juu ya akili. Wanaanguka juu ya karatasi zenye hazikutayarishwa mapema. Na wale wenye wanafika ku mahojiano, mara nyingi wanaficha maisha yenye ingewafungulia mlango.

Karatasi zinaongea kwanza

Hapa ndani, njia inajulikana. Ku ISC Goma, ISC Bukavu, au ku kitivo cha uchumi na usimamizi cha Chuo Kikuu cha Goma au Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, kitu cha kwanza wanauliza ni diploma ya serikali. Kisha kunakuja minervali. Mtu kukaa mbele ya watu wawili ao watatu na kuulizwa "wewe ni nani, na unataka nini" ni jambo la nadra.

Inje, hesabu inabadilika. Congo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tayari mu 2017, wakubwa wa inchi za Jumuiya walikuwa wametangaza eneo moja la masomo ya juu, ili mwanafunzi avuke mpaka bila kuanza upya. Kwa karatasi, mtoto wa Uvira hapaswi kuwa mgeni wa mbali ku Makerere University Business School ya Kampala ao ku Strathmore ya Nairobi. Kwa kweli, kuna kazi ya kufanya kwanza: diploma yake lazima ilinganishwe na ya inchi anakoenda. Uganda, diploma ya sekondari inapita ku UNEB, na diploma ya chuo kikuu inapita ku NCHE. Kenya kuna KNQA. Tanzania, ya sekondari inapita ku NECTA, ya chuo kikuu ku TCU. Ofisi hizo zinaomba karatasi zenyewe, tafsiri ya Kiingereza yenye kugongwa muhuri, pesa, na muda. Kijana mwenye anaanza hiyo kazi kisha kupata jibu la shule amechelewa tayari.

Kuna mutego mwingine wenye watu hawauzungumzii sana: asilimia zetu. Mu Congo, 50% ni kupita, na 70% ni "distinction", kitu ambacho familia inaweza kufanyia sherehe. Mtu wa inje akisoma 62% ku bulten, anaweza kuwaza kwamba huyu ni mwanafunzi wa kawaida sana, kumbe darasani alikuwa wa pili. Dawa yake ni barua fupi ya prefe ao ya chuo, yenye kueleza namna gani tunapima na mwanafunzi alikuwa wa ngapi kati ya wangapi. Barua hiyo haina bei kubwa, lakini dosie nyingi zinaenda bila hiyo.

Kwa wale wenye wamemaliza masomo ya kwanza na wanataka MBA ku shule kubwa za dunia, kuna pia jaribio la GMAT ao GRE. GMAT ya sasa, yenye ilianza mwisho wa 2023, inachukua saa mbili na dakika 15. Iko na sehemu tatu: hesabu, kusoma na kufikiri, na kuchambua takwimu. Alama zinaenda kutoka 205 mpaka 805, na zinadumu miaka mitano. Bei yake inapita mshahara wa mwezi wa mwalimu wengi wa Kivu. Njo maana ni vizuri kuuliza shule kwanza, juu zingine zinakubali kumsamehe mwombaji jaribio hilo akiwa na kazi nzuri nyuma yake. Kuuliza hakukatazwi.

Exetat haikutufundisha hii

Mwanafunzi wa Congo anatayarishwa miaka sita kwa mtihani wenye sehemu kubwa yake ni kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyopangwa. Ukichagua vizuri, umepata. Mahojiano ya shule ya biashara hayana jibu lililopangwa. Wanaohoji wanataka kuona namna gani mtu anafikiri, anaamua nini wakati vitu vinaharibika, na kama anajijua.

Hapo vijana wetu wengi wanajikwaa mara tatu.

Mara ya kwanza ni ku neno "tulifanya". Kwetu, mtu mwenye heshima hajisifu mbele ya wakubwa. Anasema "tulijaribu, tukasaidiana", na anaangalia chini. Ni malezi mazuri. Lakini mwenye kuhoji akisikia "tuli" dakika 30 yote, hajui huyu kijana mwenyewe alifanya nini. Anaandika ku karatasi yake: hakuongoza kitu. Inatosha kusema: "Tulikuwa watu sita. Mimi nilishika pesa na kuandika buku." Hiyo si majivuno. Ni hesabu ya kazi.

Mara ya pili ni ku swali la kushindwa. "Tuambie siku moja ulikosea." Wengi wanajibu hawana kosa, ao wanasema kosa lao ni kufanya kazi sana. Mwenye kuhoji amesikia hilo jibu mara mia. Anataka kosa la kweli, dogo hata, na kile mtu alibadilisha kisha hapo.

Mara ya tatu ndiyo kubwa zaidi: kuficha. Tuchukue mfano. Kijana wa Goma anauza maharagi kutoka Rutshuru. Barabara inafungwa, gunia inapanda bei, wateja wanaomba deni, benki imefunga, pesa yote inapita ku telefoni. Anaamua kuuza kwa robo ya gunia. Deni anawaachia wateja watano tu wenye wanalipa vizuri. Kisha miezi mitatu, mtaji wake umesimama. Siku ya mahojiano, wanamuuliza: mwaka uliopita ulifanya nini? Anajibu: "Nilikuwa nyumbani juu ya vita." Ameona haya kusema anauza maharagi. Kumbe mu dakika mbili angeeleza bei, hatari, deni na uamuzi, vitu vyenye shule hiyo inafundisha kwa dola maelfu.

Ama binti mwenye anashika buku ya AVEC ya wamama 25. Sanduku iko na funguo tatu kwa watu watatu, ili mtu mmoja asifungue peke yake. Kila mwanachama ananunua sehemu zake, mkopo unarudishwa na faida kidogo, mwisho wa mwaka wanagawana. Hiyo inaitwa usimamizi wa fedha. Anaijua kwa mikono, lakini ku dosie anaandika "bila kazi".

Vita yenyewe haipaswi kufichwa, wala kufanywa ombi la huruma. Mwenye kuhoji akisikia mateso tu, atasikitika, kisha atamchukua mwingine. Akisikia "hii ndiyo ilitokea, na mimi niliamua hivi", anapata kitu cha kuandika.

Kuna pia mambo madogo yenye kuharibu siku. Mahojiano mengi yanapita ku intaneti, na saa hazilingani: Goma na Bukavu ikiwa saa 4 asubuhi, Kampala na Nairobi ni saa 5. Mtu anaweza kukosa nafasi juu ya saa moja tu. Na kama mtandao unakatika katika mtaa, ni vizuri kuandikia shule siku kadhaa mbele, kueleza hali, kutoa namba ya telefoni na kuomba waendelee kwa sauti kama picha ikikatika. Kuandika mbele kunaonekana kama kujipanga. Kueleza kisha mambo kuharibika kunaonekana kama kujitetea.

Siku ya jibu

Jibu linaweza kuja kwa namna nne: ndiyo, ndiyo kwa sharti, orodha ya kungojea, ao hapana. Na mu familia zetu, jibu haliji kwa mtu mmoja. Mjomba alilipa tafsiri, shangazi alitoa pesa ya mega, kanisa liliomba. Njo maana "hapana" inakuwa kama aibu ya nyumba nzima, na kijana anaweza kuficha barua wiki nzima akiogopa kusema.

Hesabu inasaidia hapa. Harvard Business School, ile ya Marekani yenye ilianza 1908, kwa miaka ya karibuni inapokea maombi karibu 10,000 na kuchukua wanafunzi karibu 930. Kati ya maelfu wenye wanakataliwa kuna watu wenye akili sana, wenye kazi nzuri, wenye pasaporti za inchi tajiri. Shule inapanga darasa: wangapi kutoka wapi, wenye kazi gani, lugha gani. Barua ya "hapana" inasema nafasi za mwaka huu zimejaa watu wengine. Haisemi kitu juu ya thamani ya mtu.

Lakini si kila "hapana" ni sawa. Yule alikataliwa kabla ya mahojiano aangalie dosie: alama, tafsiri, barua za wenye wanamjua. Yule alifika ku mahojiano kisha akakataliwa, dosie yake ilipita. Kazi yake ni namna ya kujieleza. Shule zingine zinakubali kutoa maoni mtu akiuliza kwa adabu. Na wengi wanakubali ombi la mara ya pili, mradi kuna kitu kipya cha kuonyesha. Orodha ya kungojea nayo inahitaji barua fupi: bado nataka nafasi, na tangu tulipoongea nimefanya hiki.

Siku hiyo ya huzuni njo siku wadanganyifu wanapiga simu. Mtu anasema anajua mkubwa ku ofisi ya shule, kwa dola kadhaa jibu litabadilika. Shule yenye jina haiuzi jibu ku telefoni ya mtu. Kama kuna pesa ya kulipa, inaandikwa ku barua rasmi, na inaenda ku konti ya shule, si ku namba ya mtu.

Na "ndiyo" nayo ina bei

Kwa mkaaji wa Goma ao Bukavu, hata kukubaliwa kunaweza kuwa mwanzo wa shida mpya. Shule inaomba sehemu ya pesa ilipwe kwa benki mbele ya tarehe fulani. Ubalozi unaomba karatasi ya benki yenye kuonyesha miezi ya nyuma. Familia ilikuwa na konti, lakini benki ilifunga. Wengine wanavuka mpaka kutafuta benki upande wa pili, na safari hiyo pia ni gharama.

Hapa kijana peke yake hawezi kubeba yote. Vyuo vya eneo, vyenye vilitia sahihi mapatano ya Jumuiya ama la, vinajua hali ya Kivu. Kuongeza muda wa kulipa kwa mwanafunzi mwenye anatoka ku mji bila benki si zawadi kubwa. Mwanafunzi naye aombe kwa maandishi, mbele ya tarehe kupita: kuongezewa muda, ao kuhifadhiwa nafasi mpaka mwaka ujao. Wengi wanakaa kimya wakiwaza kwamba kuomba ni kuonyesha umaskini, na nafasi inapotea bila mtu yeyote kuwakataa.

Na wazazi wana sehemu yao, yenye haiombi dola. Mbele ya mtoto kwenda ku mahojiano, wamkalishe jioni moja na kumuuliza maswali mpaka azoee kusema "nilifanya". Mama mwenye ameuza ku soko miaka 20 anaweza kuuliza maswali magumu kuliko profesa: ulinunua kwa ngapi, uliuza kwa ngapi, na siku bei ilianguka, ulifanya nini?