Ghala la bandarini lichorwe kwa kufikiria kahawa

Bandari ya Tanga imeongezwa kina, hongera sana. Zamani meli zilitia nanga mbali, shehena ikivushwa kwa matishari. Ila sisi wakulima wa Karatu tunauliza: na maghala je? Kahawa ya Oldeani, kwenye miteremko ya Ngorongoro, tunaianika mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 11 hivi. Ikifika pwani, gunia lililoegemea ukuta au kulazwa sakafuni bila paleti huvuta unyevu, linaota ukungu, na bei inaporomoka. Wasanifu, wekeni sakafu iliyoinuliwa na matundu ya hewa juu ya kuta. Hata kontena lifungiwe mahali pakavu, maana usiku bati hutoa jasho likadondokea magunia. Na madereva wetu wapate choo na kivuli pale getini.