Kujua kukaa na watu ni nusu ya amani ya moyo

Wengi mjini Goma husema furaha itarudi siku vita vitakapoisha na kila mtu kurudi kwake. Ni kweli, lakini si kweli yote. Jamaa mbili zinaweza kulala chini ya mabati mamoja, zikakosa vitu vilevile, na moja ikawa na amani kuliko nyingine. Mara nyingi tofauti ni namna ya kuishi na watu: kusalimia, kusikiliza, kuomba bila kuamuru, kukataa bila kutukana, na kuomba msamaha mapema.

Mwezi wa tano 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27, viongozi waliagiza mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame, na watu wengi wakashika barabara ya Sake. Walilala makanisani, mashuleni na katika nyumba za watu wasiowajua. Februari 2024 mambo yaligeuka: vita vilipofika karibu na Sake, wakaaji wake ndio waliokimbilia Goma. Mwenyeji akawa mgeni. Wakati kama huo, aliyepokea watu vizuri ana mlango wa kubisha.

Ugomvi wa nyumba za pamoja hauanzi na mambo makubwa. Huanza na bido la maji lililotumiwa bila kuomba, babula moja inayongojewa na mama wawili, mtoto aliyepigwa na mtu asiye mzazi wake. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Mama anayeuliza asubuhi, “Dada, leo nipike saa ngapi nisikuzuie?” amemaliza ugomvi kabla haujaanza. Baba mgeni anayeamka kufagia lupango hangoji siku ya tatu apewe jembe. Usiku analala bila kujiuliza nani anamsema nyuma ya ukuta.

Hapo ndipo furaha ya mtu mwenyewe inapoonekana. Mwenye jirani mwema ana wa kumwachia mtoto akienda kutafuta makala, wa kumkopesha franka mgonjwa akizidiwa, na wa kumsikiliza akilia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wanaofuata maisha ya watu tangu 1938, waliona jambo hilohilo: waliopatana vizuri na wenzao walizeeka wakiwa na afya na furaha zaidi.

Wapo watakaosema kwamba mwenye njaa hana nafasi ya kuchekea watu. Wana haki. Neno zuri halijazi chungu, wala haliwaondolei wenye madaraka wajibu wa kulinda raia. Tena, kukaa vizuri na watu si kunyamazia ubaya. Anayeuza nafasi ya mjane kwenye orodha ya msaada lazima aambiwe mbele ya mkubwa wa nyumba kumi, kwa sauti ya chini lakini bila kuzunguka.

Hakuna anayezaliwa na ujuzi huu, watu hufundishana. Mtoto anayemwona baba yake akimwomba mama yake msamaha amekwisha kupata somo. Na jamaa zinazoishi pamoja zinaweza kuanza juma hili: wageni na wenyeji wakae jioni moja, wapatane juu ya maji, jiko, choo na malezi ya watoto, wakati bado wanasalimiana.