Alien: Romulus: Zimwi Halisi Liko Kaunta

Wasee, nimetoka kuona Alien: Romulus na lazima tuongee. Kama hujaiona, ishia hapa kwanza, maana nitakuharibia utamu.

Kila mtu anaongea juu ya wale wadudu wa kurukia uso na ile damu inayoyeyusha chuma. Sawa, nilishtuka, popkoni zikamwagika. Lakini sehemu iliyonitisha kabisa haina zimwi lolote. Iko mwanzoni. Rain, msichana wa rika letu, anaishi kwenye koloni la migodi lisiloona jua. Wazazi wake walikufa kwa ugonjwa wa mapafu wa huko mgodini. Amemaliza masaa ya mkataba wake, anaenda kaunta kuomba ruhusa ya kuondoka. Dada wa kaunta anaangalia kompyuta: idadi imeongezwa, sasa ni masaa 24,000. Rudi kazini, miaka mingine mitano au sita. Imeisha hivyo.

Maze, niliacha kutafuna. Mimi niliacha chuo sababu ya karo, nikaingia kazi ya vidio. Kuna mteja tulikubaliana idadi ya watazamaji, nikaifikisha, halafu ati hesabu imebadilika. Hakunifokea hata. Alituma ujumbe na ka-emoji ka kucheka. Ile kaunta naijua.

Ndio maana Andy alinigusa. Ni roboti, lakini kwa Rain ni kama kaka. Baba yake Rain alimpanga afanye kitu kimoja tu: kinachomfaa Rain. Akiwekewa chipu nyingine, anaanza kufanya kinachofaa kampuni. Sura ni ile ile, ila mwajiri ameingia kichwani. David Jonsson ameigiza hizo pande zote mbili poa sana, hadi unamwogopa bila yeye kupandisha sauti.

Sasa shida yangu. Muvi inayosuta kampuni isiyoachilia wafanyakazi wake imemrudisha kazini Ian Holm, aliyefariki 2020! Yeye ndiye alikuwa Ash kwenye Alien ya kwanza, 1979. Hapa sura yake imeundwa kwa mashine na kompyuta, ikapewa roboti mwingine anaitwa Rook. Najua mtasema familia ilikubali. Sawa. Lakini mwenyewe hakuwepo kusoma skripti na kusema ndiyo au hapana. Na enyewe, Rook angechezwa na mwigizaji yeyote aliye hai na anatafuta kazi. Rain aliongezewa masaa. Holm ameongezewa zamu akiwa kaburini.

Bado naipa nane kwa kumi. Fede Álvarez anajua kutisha watu, hilo simnyimi. Ukienda kuiona, ingia mapema usikose ile kaunta.

Halafu niambie ukweli: wewe ungekubali sura yako iendelee kupiga kazi ukishakufa? Na doh ziende kwa nani?