Kompyuta Iliyonyamaza

Baba mmoja ametuletea barua. Mwanawe haoni, naye husoma masomo yake kwa kompyuta ya Linux akisaidiwa na Orca, ile programu isemayo kwa sauti maneno yaliyo kwenye skrini. Sasa sauti imekatika. Fundi amesema kadi ya sauti imekufa, sharti inunuliwe nyingine. Je, atoe fedha?

Bwana, usitoe bado. Kwako wewe kompyuta isiyo na sauti bado yatumika. Kwa kijana wako ni sanduku tu. Basi keti naye, uwe macho yake kwa nusu saa.

Fungua dirisha la kuandikia amri, uandike aplay -l. Hiyo ya mwisho ni herufi L ndogo, si tarakimu. Kadi zikitajwa kwa majina, Linux inaziona, na maneno ya fundi yana shaka.

Kisha andika alsamixer. Utaona nguzo ndogo zimesimama safu. Bonyeza F6 uchague kadi, maana mara nyingi ziko mbili: moja ya spika, na moja ya HDMI, ule waya upelekao picha na sauti kwenye skrini au televisheni. Kumbe pengine sauti yote inakwenda kwenye skrini isiyo na spika! Mtu huongeza sauti hadi mwisho, asisikie hata mnong'ono. Tazama chini ya nguzo za Master, Speaker na Headphone. Ukiona MM, njia imezibwa: nenda hapo kwa mshale, bonyeza M, zigeuke 00. Nguzo iliyo chini ipandishe. Tena chomoa hedifoni, kwani zikichomekwa spika nyingi hunyamaza zenyewe.

Sasa toka kwa Esc, uandike speaker-test -c 2. Ukisikia mvumo kama wa mvua juu ya bati, kadi ni nzima. Orca ikibaki kimya, kosa ni la programu. Usiposikia, ingia katika mipangilio ya sauti uchague spika, kisha uwashe upya PipeWire, mgawa sauti wa Linux nyingi za siku hizi: systemctl --user restart pipewire wireplumber.

Na kama aplay haikutaja kadi yo yote? Ikiwa sauti ilipotea baada ya kusasisha mfumo, washa upya, ingia Advanced options, uchague kerneli ya zamani. Kompyuta nyingi za mkononi zenye Intel za miaka hii huhitaji pia Sound Open Firmware. Katika Debian kifurushi chake huitwa firmware-sof-signed.

Yote yakishindikana, nunua kadi ndogo ya USB. Haihitaji kufungua mashine, na nyingi hufanya kazi na Linux mara zichomekwapo. Nenda dukani na kompyuta pamoja na kijana mwenyewe. Orca ikisema, ndipo ulipe.