Pizza ya kachumbari tuipike nyumbani



Watoto wetu hapa Bujumbura wanataka pizza. Wameiona kwa wenzao shuleni, wameiona kwenye simu, na kila Ijumaa ikifika swali ni hilo hilo. Wapo wazazi wanaojibu kwa mkato: hicho ni chakula cha wazungu. Sisi hatukubaliani nao. Unga wa ngano, hamira, nyanya na vitunguu vinapatikana Buyenzi, na mama anayejua kukanda unga wa maandazi hana cha kuogopa hapa.

Tatizo letu liko mkahawani. Siku moja tuliagiza pizza ya mboga mahali fulani mjini, tukaona kisu kilichokata ya kwetu ndicho kilichotoka kukata yenye nyama ya nguruwe. Tulipouliza, mhudumu alicheka tu. Tukalipa, tukaondoka bila kula, watoto wamenuna. Tangu hapo tunapika wenyewe.

Umeme ukikatika, na hukatika, tunatumia mbabura. Tandaza mchanga kidogo ndani ya sufuria kubwa, ipashe moto, kisha ingiza pizza ikiwa juu ya sinia. Makaa mengi yakae juu ya mfuniko, chini yabaki machache. Dakika 20 hivi zinatosha. Jibini, au fromaji kama wengi wetu tunavyosema, weka kidogo maana ni ghali. Nyanya zikikaangwa vizuri na kitunguu saumu, watoto hata hawaulizi.

Utamu wenyewe ni kachumbari ya juu: kabichi iliyokatwa nyembamba, karoti, tango, avoka na ndimu. Inawekwa pizza ikishatoka motoni, la sivyo inalegea na kutoa maji.

Hapo ndipo tunapoomba tusikilizwe, hasa na vijana wanafunzi wanaopika chumbani kwa haraka. Mboga hizo hazipiti motoni, kwa hiyo uchafu wake unaingia tumboni kama ulivyo. Januari 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na mitaa ya kaskazini mwa mji wetu iliguswa. Basi toa majani ya nje ya kabichi, osha yaliyobaki moja moja kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, menya karoti na tango, na ubao uliokatia nyama mbichi usiukatie mboga. Mikono kwa sabuni, hata kama umetoka kutia udhu. Tumesikia wengine wakisema ndimu inaua kila kijidudu. Tusiitegemee, ndimu ni ya ladha.

Na siku ambayo maji ya bomba yamekatika na makaa ya kuchemshia yamekwisha, acheni kachumbari. Karoti na kabichi zikaangwe pamoja na nyanya, ziingie motoni. Watoto watalalamika kidogo, kisha watakula.