Korea Haikutajirika kwa Fimbo

Wananchi wenzetu wa Kitale na Bungoma, wapo wanaotuhubiria kwamba Korea Kusini ilitajirishwa na fimbo ya watawala, na kwamba vyama vingi ni kelele zisizoshibisha. Tuyapime maneno hayo.

Mwaka 1963 nchi zote mbili zilikuwa maskini. Korea ilikuwa imetoka vitani miaka 10 tu. Leo pato la Mkorea mmoja kwa mwaka lapita dola 30,000. La Mkenya ni kama dola 2,000. Je, sisi tulikosa fimbo? Tangu 1982 hadi 1991 sheria iliruhusu chama kimoja tu. Fimbo tuliionja, utajiri hatukuuona.

Tofauti ni haki. Kuanzia 1950 Korea iliwagawia wakulima wadogo ardhi ya makabaila. Kwetu, ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma, yakiwemo mashamba ya ADC ya Trans Nzoia, ilivyogawiwa wakubwa kinyume cha sheria. Huko Webuye, kiwanda cha karatasi kilifunga milango 2009.

Tena Wakorea waliivunja fimbo yenyewe. Mwaka 1987 waliandamana, makanisa yakiwakinga, wakapata haki ya kumchagua rais wao. Mwaka 1996 mahakama iliwatia hatiani marais wawili wa zamani. Hawakurudi kwenye umaskini.

Basi atakayetusifia Korea kanisani au sokoni, tumwulize: ardhi ya umma itarudishwa lini, na nani atashtakiwa?