Watani msibani

Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyepita kambi ya Wanazi ya Auschwitz akatoka hai, alitaka mgonjwa asaidiwe kuona kwamba maisha yake bado yana maana. Nakubali. Ila huku Uluguru, ukimfungia mfiwa chumbani umuulize maana ya maisha yake, atanyamaza. Mluguru hufuata ukoo wa mama, mjomba ana sauti, na maana ya mtu imo kwa watu wake. Tulipomzika mama kule Matombo, mtani wetu, kama desturi ya utani inavyomruhusu, aliingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Nililia huku nacheka, na siku ile ndipo nilipojua kuwa sijabaki peke yangu. Washauri wetu wa wafiwa waanze na swali hili: watani wako walifika?